Uso Chini ya Nyota ya Mkia

Ile flashi sikuipanga. Naanza na hilo kwa sababu nimelikana kwa zaidi ya miaka miwili, mbele ya wanafunzi wa upigaji picha, mbele ya wapiga picha wenzangu wa Bungoma, na mara moja mbele ya mchungaji ambaye hata hakuwa ameniuliza. Picha yenyewe ni ya nyota ya mkia, na chini yake amesimama mzee mwenye koti, uso umemulikwa kana kwamba alfajiri ilimchagua yeye peke yake. Nimeisifu kwa maneno ya kitaalamu. Nimeita ule mwanga "mwanga wa kujaza". Nimechora mishale ubaoni kuonyesha ulivyotoka na ulikopiga. Ukweli ni kwamba kidole gumba changu kilibonyeza bila kunishauri, na kwa sababu nilikataa kusema hivyo, picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga haikupata ruhusa ya kutundikwa ukutani.

Aliyeinyima ruhusa ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo lazima nianze kwake.

Siku ya kwanza nilifika kwenye studio yake mjini Kitale nikiwa na digrii ya historia ndani ya bahasha ya kaki, na viatu visivyofaa mtu anayetarajia kusimama. Mwenye Studio alikuwa Mzee Ndirangu, ambaye familia yake ilitoka Mkoa wa Kati na kununua shamba Saboti, chini ya Mlima Elgon, kabla hajazaliwa. Alikuwa mrefu, mkimya, na alivaa koti la sufu hata jua likichoma mabati. Aliitoa digrii, akaisoma mpaka chini, akairudisha ndani ya bahasha.

"Ya historia. Historia ya picha?"

"Hapana, Mzee. Ya vyama vya wakulima."

"Sawa. Kaa hapo."

"Hapo" palikuwa kwenye stuli ya mteja, mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji. Akawasha taa zote mbili kubwa, akaenda zake kunywa chai. Nilikaa. Wateja waliingia wakanitazama, wakaketi kwenye benchi wakaendelea kunitazama. Jasho likanitoka hadi kwenye magoti. Aliporudi aliuliza nimesikia nini.

"Joto."

"Na nini ingine?"

"Sijui mikono niiweke wapi."

"Huyo sasa ndiye mteja," akasema. "Ukimsahau, hata hiyo karatasi yako haitakusaidia. Kesho utashika kamera."

Tangu siku hiyo hakuniita jina lingine ila Digrii. "Digrii, zima taa." "Digrii, huyu mama amefunga macho tena, mwambie si daktari ametaka kumdunga." Nilijifunza kazi kwa kuitwa hivyo.

Nyinyi mnaopiga kwa simu hamjui tulivyobahilia mwanga. Ndani ya kamera kuna shata, kipazia kinachofunguka na kufunga haraka kuliko kope, na mwanga unaopita hapo ndio unaoandika picha kwenye filamu. Ukikosea, hujui. Utajua baadaye kwenye chumba cha giza, chini ya balbu nyekundu, karatasi ikiogelea ndani ya dawa na uso wa mtu ukianza kujitokeza kutoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nimeona nyuso zikitokea hivyo maelfu ya mara na sikuwahi kuzoea. Mzee naye hakuwahi, ingawa alijifanya anakagua joto la dawa.

Alikuwa na sheria nyingi, lakini iliyo juu ya zote ilihusu picha za wizi. Picha ya mtu ambaye hakujua anapigwa ilikuwa imeibwa, na ya wizi haikutoka studio. Wiki zangu za mwanzo nilimpiga picha mama mmoja aliyesinzia kwenye benchi, mtoto amemlalia kifuani, mwanga wa mlango umewaangukia wote wawili. Nilipoileta nikitarajia sifa, Mzee aliigeuza juu chini mezani kabla hajaiona.

"Alijua?"

"Alikuwa amelala, Mzee."

"Basi hata mimi siangalii. Wewe ungetaka ukiwa umeachama mdomo hivyo watu wakuone?"

Akaichana vipande, bado ikiwa imelala kifudifudi. Kulikuwa na msamaha mmoja tu. Mtu akikatiza mbele ya kamera kwa ghafla, au shata ikifyatuka yenyewe, hiyo aliiita picha iliyojipiga. Haikuwa na mwizi. Ulimtafuta aliye ndani yake, ukamwonyesha, yeye akaamua.

Yeye mwenyewe hakupigwa picha. Tukimwomba asimame na sisi wakati wa Krismasi alisema, "Mganga hajigangi," akaingia nyuma ya kamera. Mke wake alipofariki, miaka mingi baadaye, niliona kijitabu cha mazishi. Mama alikuwa katika kila ukurasa, kijana, mzee, kanisani, shambani, daima peke yake, akimtazama mtu ambaye hakuonekana.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa tawi lake la Webuye. Huko tulipiga vitambulisho vya wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, nyuso kwa foleni, kuanzia zamu ya asubuhi. Msimamizi wa Tawi alikuwa mtu wa Bungoma kama mimi, nadhifu, mwenye mkasi mfukoni, na aliamini filamu ni kama damu: haitolewi mpaka mtu awe anakufa. Nikiwa kwake ndipo ilipotokea nyota ya mkia ya kwanza maishani mwangu, jioni, chini kabisa juu ya mashamba ya miwa. Nilimwomba fremu moja ya filamu, moja tu.

"Mteja ni nani?"

"Hakuna mteja. Ni mbingu, bosi."

"Mbingu itakuja kuchukua picha yake lini? Si unajua hapa tunaandika siku ya kuchukua?"

"Bosi, hii kitu haitarudi."

"Wengi hawarudi," akasema. "Kabati imejaa watu hawajarudi."

Kwa hiyo niliitazama tu kwa macho, jioni baada ya jioni, mikono mitupu, mpaka ikafifia. Huenda ndiyo ilikuwa njia bora ya kuitazama. Lakini nilikuwa mpiga picha, na mpiga picha anayekosa picha haambiliki. Nilijiwekea nadhiri kwamba nyingine ikija nitakuwa tayari, halafu nikaolewa, nikazaa, nikafungua studio yangu Bungoma karibu na soko, na nadhiri ikalala.

Bungoma kazi kubwa ni harusi na matanga, na matanga ndiyo shule. Mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuita watu kando ya jeneza kwa ukoo: watoto wa marehemu, wake za watoto, wajukuu, mashemeji, kwaya, waliosoma naye. Kila kundi linataka picha, na jua halingojei ukoo uishe. Giza likiingia unaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, unaacha shata wazi, na kwa mkono wa kushoto umeshika flashi mbali na kamera. Nyuso zikitulia, gumba linabonyeza kitufe. Mwanga mmoja, watu wote ndani. Mbinu hiyo nilifundishwa na Mzee siku za umeme kupotea Kitale, na niliifanya mara nyingi hivi kwamba haikuwa tena ya kichwa changu. Ilihamia mkononi. Shata ikiwa wazi na uso ukatokea mbele, gumba lilijua la kufanya.

Kisha, zaidi ya miaka miwili iliyopita, ikatangazwa nyota nyingine ya mkia: ingeonekana kwanza alfajiri, upande wa mashariki, halafu ingezunguka jua na kurudi jioni, magharibi. Nilifikiria mahali. Saboti iko kwenye mgongo wa Elgon, na ukisimama shambani kwa Mzee ukitazama mashariki, Trans-Nzoia yote iko chini yako hadi milima ya Cherangani. Nikampigia.

"Digrii," akasema, "sasa unataka kupiga nyota paspoti?"

"Nataka uwanja wako tu, Mzee."

"Uwanja uko. Lakini leta sweta, ama utatetemesha kamera."

Asubuhi za kwanza mlima ulituletea mawingu. Tulikaa jikoni tukinywa chai, yeye akinisimulia habari za kuku. Wataalamu walishasema kwamba muda si mrefu nyota ingezama ndani ya mwanga wa jua, na ile asubuhi ninayoizungumzia ilikuwa nafasi yangu ya mwisho. Nilitoka nje bila matumaini, kamera begani na flashi imening'inia kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kwa sababu nilitoka matangani jana yake na, niseme kweli, nisipokuwa nayo najihisi uchi.

Mbingu ilikuwa imefagiliwa.

Nimesoma vitabu, najua nyota ya mkia ni barafu na vumbi. Maarifa hayo hayakunisaidia chochote. Ilikuwa imesimama juu ya Cherangani, kichwa chake kikali kama ncha ya moto wa kulehemu, na mkia umepanda kutoka hapo kwenda juu, mpana, mweupe, umetulia kabisa. Hicho ndicho kilichonishtua, ule utulivu. Kitu chenye umbo la mwendo kiasi kile, halafu hakisogei. Chini yake taa za Kitale zilionekana kama kitu ambacho watoto walikiacha nje. Mahindi yaliyokatwa yalikuwa yamesimamishwa kwa mafungu shambani, na nilipata wazo la kijinga kwamba nayo yalikuwa yametoka kuangalia. Hakuna mbwa aliyebweka. Nilisahau kufungua begi. Mimi niliyekaa karibu miaka thelathini nikiwaambia watu watulie, nilisimama nimetulia mpaka vidole vikafa ganzi.

Mzee alikuwa nyuma yangu mlangoni. Kisha akasema polepole, "Hii mtu aliiweka hapo."

Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaacha shata wazi kwa muda mrefu kama kazi ya nyota inavyotaka, ili ule mwanga hafifu upate nafasi ya kuandika. Macho yangu yalikuwa juu. Nikasikia hatua kwenye nyasi. Halafu mbele ya lenzi, hatua chache tu kutoka nilipokuwa, kukawa na umbo la mtu, na umbo likageuka, na palipokuwa na giza pakawa na uso.

Gumba likabonyeza.

Uwanja mzima ukawa mweupe. Kuku wakapiga kelele. Mzee akajikinga macho kwa mkono, na mimi nikatoa neno ambalo sitaliandika hapa. Shata ikajifunga. Tulipoweza kuona tena, mashariki palikuwa pamepauka, na mkia ulikuwa umeanza kuyeyuka kutoka juu kuja chini. Sikupata fremu ya pili.

"Nimekuharibia," Mzee akasema.

Nikatazama kioo cha nyuma ya kamera ya dijitali nijue ukubwa wa hasara. Nyota ilikuwepo, nzima, mkia wote. Na mbele yake Mzee Ndirangu, wima, koti limefungwa vifungo vyote, kofia mkononi, akitazama moja kwa moja ndani ya lenzi kama mteja aliyejua mikono aiweke wapi. Nikazima kioo haraka, sijui kwa nini. Labda niliogopa kuipoteza kwa kuitazama.

Siku chache baadaye ile nyota ilirudi upande wa jioni, nami nikapanda juu ya paa la jengo la studio Bungoma na kuipiga kitaalamu, kila kitu sawasawa. Vijana wa bodaboda waliniona kutoka chini.

"Niaje, mathe? Unapiga nini huko?"

"Nyota ya mkia. Hiyo hapo, juu ya miti."

Wakatazama. Mmoja akavua kofia yake ya pikipiki.

"Ati hiyo ni ya ukweli? Bana. Na haianguki?"

"Haianguki."

"Na mbona imenyamaza hivyo?" akauliza. Walizima injini, wakakaa pale hadi ikatua. Picha nilizopiga jioni hiyo ni safi na hazina kosa. Ziko kama mstari wa chaki.

Nikaprinti ile ya Saboti na kumpelekea. Nilikuwa nimeshawaonyesha wenzangu kwenye simu, nikijidanganya kwamba simu si ukuta, nao walikuwa wameuliza niliwezaje. Mtu akikuuliza uliwezaje, ni vigumu sana kusema hukuweza. Nilikuwa nimeshasema mwanga wa kujaza. Uongo ulikuwa na siku tatu na ulishaota meno.

Mzee alipokea bahasha, akaitoa picha ikiwa imelala kifudifudi, akaiweka mezani hivyo hivyo, kiganja juu yake.

"Kabla sijaangalia. Ile flashi ulipanga?"

Hapo ndipo ningesema. Alikuwa mtu mmoja duniani ambaye asingenicheka, au angenicheka vizuri. Lakini alikuwa pia mtu ambaye maisha yangu yote ya kazi nilitaka anione fundi.

"Nilipanga, Mzee."

Akaisukuma picha kuvuka meza, bado imefunika uso.

"Kama ulipanga, uliniiba. Hukuniuliza. Hii haitoki."

"Lakini Mzee, hata hujaiona."

"Si unajua ya wizi siangalii? Kunywa chai, Digrii, inapoa."

Nilikunywa. Nilirudi Bungoma na bahasha yangu. Angalia mtego niliojitegea: nikisema nilikosea, Mzee anaweza kuniruhusu niitundike, ila si kazi yangu tena; nikisema niliweza, ni kazi yangu, ila haipo. Nikachagua sifa bila picha kwa miaka miwili na ushee.

Mwaka huu nimefunga studio. Simlaumu mtu. Kila mmoja sasa ana kamera mfukoni, na matangani waombolezaji wananizidi kwa idadi ya picha kabla sijapanga stendi. Stuli ya mteja nimeiuza kwa kinyozi. Mkiniuliza nimejifunza nini katika kazi hii, nitawaambia kwamba watu wengi hawajawahi kutazamwa kwa makini na mtu asiyetaka kitu kingine kutoka kwao, na kwamba ukiwatazama hivyo, hata kwa muda wa kufumba shata, hubadilika mbele yako. Nilidhani hilo ni la nyuso tu. Ile alfajiri ya Saboti nilijifunza kwamba linakwenda pande zote mbili. Kitu kile cha juu hakikuwa kinanitazama, najua. Lakini nami nilibadilika mbele yake, na sijui kueleza zaidi ya hapo, pamoja na digrii yangu.

Basi ukumbi mmoja karibu na Kibabii ukaniomba picha za kazi yangu, niwaage watu nazo. Mwandalizi alikuwa ameiona ile moja kwenye simu ya mtu. Alitaka ikae ukuta wa mbele. Nilimwambia ina shida ya ruhusa. Akauliza shida gani, nikaanza kueleza, na nilipofika kwenye neno "kujaza" nikachoka. Nilichoka kama mtu anavyochoka na kiatu kinachobana, ghafla, katikati ya njia.

Nikampigia Mzee. Aliitika baada ya simu kulia sana. Siku hizi husikia taratibu.

"Mzee, ni mimi. Ile flashi sikuipanga."

Nilisikia upepo wa Saboti kwenye simu.

"Gumba lilienda lenyewe. Nilishtuka kuliko wewe. Nilikudanganya kwa sababu watu walikuwa wamenisifu."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mtu amepanga flashi hapigi nduru kama mbuzi." Akakohoa, au akacheka. "Sasa na mimi nikwambie yangu. Ulidhani nilipotea njia nikaingia mbele ya kamera?"

Nikaibana simu sikioni.

"Nilisikia shata imefunguka. Nikajua iko na muda. Nikafunga koti, nikaenda nikasimama. Nilitaka kivuli tu, mtu mweusi bila uso, hata wewe usijue ni nani. Maisha yote nimekuwa nyuma, Digrii. Mama yenu nilimpiga picha mpaka akazeeka, na hakuna hata moja tuko na yeye. Nikaona hii kitu, nikasema, leo nisimame mbele. Halafu wewe ukaniwasha taa."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Kisha akauliza, kwa sauti ya mteja anayeona haya kuuliza, "Mkia unaonekana?"

"Unaonekana wote, Mzee."

"Unaanzia wapi?"

"Kwenye bega lako. Unapanda kutoka hapo mpaka juu ya picha."

"Bega gani?"

"La kulia."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa.

"Basi itundike," akasema. "Lakini kwanza niletee mimi niiangalie."